Kadi ya Sauti Iliyomo Kwenye Kompyuta na ya Kuongeza: Namna ya Kuchagua

Karibu kila kompyuta inayouzwa leo, ya mezani au ya kupakata, ina kadi ya sauti ndani yake. Aghalabu mwenyewe haioni, kwa kuwa si kipande kinachochomolewa bali ni chipu ndogo iliyolehemewa juu ya bodi kuu, na kinachoonekana nje ni matundu tu ya kuchomekea hedifoni na maikrofoni. Wengi hapa Lamu huanza kuifikiria siku wanapotaka kurekodi kitu: darsa ya maalim, kasida za vijana wa madrasa, utendi unaoghaniwa na bibi aliyeuhifadhi moyoni, au kaseti za taarab zilizokaa sandukuni miaka mingi. Hapo ndipo swali huzuka kama kadi iliyomo yatosha, au inafaa kununuliwa nyingine ya kuongeza.

Jibu langu ni hili. Ambaye kazi yake ni kusikiliza, atosheke na iliyomo, maana fedha yake itafaa zaidi kwenye hedifoni au spika. Ambaye kazi yake ni kurekodi, aongeze kadi, na katika hali nyingi iwe ya nje, inayounganishwa kwa USB, wala si ile inayohitaji kompyuta kufunguliwa na kadi kupachikwa ndani. Yaliyobaki katika mwongozo huu ni sababu za jibu hilo, mipaka yake, na njia za kupima kompyuta yako kabla hujatoa hata shilingi moja.

Kazi ya kadi ya sauti

Sauti hewani ni mtikisiko, na ikipita kwenye waya huwa ni umeme unaopanda na kushuka. Kompyuta haijui umeme wa namna hiyo. Inajua namba tu. Kadi ya sauti ndiyo inayogeuza namba kuwa umeme pale unaposikiliza, na kugeuza umeme kuwa namba pale unaporekodi. Katika kurekodi, kadi huupima umeme huo mara nyingi sana kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Santuri za CD hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ikiandikwa kwa biti 16 (yaani tarakimu 16 za sifuri na moja), na hesabu hiyo ilichaguliwa kwa kuwa inaweza kubeba sauti yote ambayo sikio la binadamu husikia, yaani kutoka hezi 20 (mitikisiko 20 kwa sekunde) hadi karibu hezi 20,000. Biti 16 hutoa nafasi ya desibeli (kipimo cha tofauti ya ukubwa wa sauti) 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na mchakacho wa chini kabisa. Biti 24 kwa hesabu hutoa 144, ingawa hakuna kadi inayoufikia upeo huo, kwa sababu vipande vya umeme vyenyewe vina mchakacho wao.

Kwa hiyo unapotazama namba zilizoandikwa kwenye boksi la kadi, kumbuka kwamba namba kubwa si lazima ziwe sauti bora. Kadi inayojigamba kwa kilohezi 192, yaani sampuli 192,000 kwa sekunde, itajaza diski yako haraka, na sikio halitapata ziada yoyote katika kusikiliza. Muhimu zaidi ni namna kadi ilivyotengwa na kelele za umeme, na ubora wa sehemu inayopokea na kukuza umeme mdogo wa maikrofoni. Mambo haya mawili ndiyo yanayotofautisha kadi na kadi, na mara nyingi hayaandikwi kwenye boksi.

Ushauri wa zamani umepitwa

Kuna ushauri unaozunguka kwamba mtu yeyote anayejali sauti hana budi kununua kadi yake. Ushauri huo ulikuwa wa kweli wakati wake. Katika miaka ya 1980 kompyuta nyingi za aina ya IBM PC ziliweza kutoa mlio wa pi-pi tu kupitia kispika kidogo cha ndani, na ndiyo maana kadi ya AdLib ya Kanada mwaka 1987, na kisha Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore mwaka 1989, zilipokelewa kwa hamu kubwa. Baadaye Intel ilitoa kanuni ya AC'97 mwaka 1997, na watengenezaji wakaanza kuweka sauti juu ya bodi kuu yenyewe. Sauti ya kadi hizo za awali zilizojengwa ndani ilikuwa duni kweli, na sifa mbaya ziliyoipata wakati huo bado inazifuata kadi za leo pasipo haki.

Mwaka 2004 Intel ilileta kanuni mpya, High Definition Audio, inayoruhusu njia nane za sauti, hadi biti 32 na kilohezi 192. Tangu hapo chipu za ndani zimeendelea kuimarika. Realtek ya Taiwan, ambayo chipu zake zimo kwenye kompyuta nyingi sana duniani, ina chipu ya ALC1220 inayotajwa na mtengenezaji kuwa na desibeli 120 kati ya sauti na mchakacho upande wa kutoa sauti, namba ambayo zamani ilikuwa ya kadi za bei kubwa peke yake. Upande wa michezo ya kompyuta nao ulibadilika pale Windows Vista ilipoondoa njia iliyokuwa ikiziwezesha kadi za kuongeza kufanya hesabu za sauti badala ya prosesa. Tangu wakati huo hesabu hizo hufanywa na prosesa, nayo haichoki kwa kazi hiyo. Kijana anayecheza michezo na akaambiwa lazima anunue kadi ili kompyuta isiwe nzito, ameambiwa jambo la enzi nyingine.

Nani hahitaji kuongeza

Anayetumia spika au hedifoni za Bluetooth hahitaji kadi mpya, kwa kuwa kigeuzi cha sauti kimo ndani ya hedifoni hizo. Kompyuta hupeleka namba tu hewani. Ndivyo ilivyo pia kwa sauti inayopita kwenye kebo ya HDMI kwenda kwenye televisheni, kwa hedifoni za USB, na kwa maikrofoni za USB: vyote vimebeba kadi yake ndani. Ukinunua kadi nzuri kisha ukaendelea kutumia vifaa hivyo, kadi itakaa bure.

Anayesikiliza kwa hedifoni za kawaida zenye waya, ambazo ukinzani wake ni kama omu 32, pia atatosheka na iliyomo. Wanaohitaji nguvu zaidi ni wenye hedifoni za studio zenye omu 250 au 300, ambazo zikiunganishwa moja kwa moja na kompyuta ya kupakata sauti yake huwa ndogo, nao wanachohitaji hasa ni amplifaya ya hedifoni, iwe ndani ya kadi au peke yake.

Mwenye kompyuta ya mezani anayelalamikia sauti yenye mikwaruzo ajaribu kwanza kuhamisha pini kutoka tundu la mbele hadi tundu la kijani lililo nyuma. Matundu ya mbele hufikiwa kwa waya mwembamba unaokatiza ndani ya kasha lote, ukipita karibu na feni, diski na kadi ya picha, na mara nyingi waya huo haukukingwa vizuri, kwa hiyo huokota kelele njiani. Matundu ya nyuma yamelehemewa kwenye bodi kuu penyewe. Nimewaona watu waliokuwa tayari kuagiza kadi kutoka Mombasa wakitulia kabisa baada ya kuhamisha pini hiyo.

Kupima kabla ya kununua

Kipimo cha kwanza ni cha masikio. Chomeka hedifoni, pandisha sauti hadi kiwango unachosikilizia kila siku, kisha usicheze chochote. Sikiliza kimya hicho huku ukisogeza kipanya, ukinakili faili kubwa na kufungua kurasa za intaneti. Ukisikia mikwaruzo inayofuata mwendo wa kipanya au kazi ya diski, basi umeme wa ndani ya kompyuta unavuja na kuingia kwenye njia ya sauti. Hiyo ni sababu halali ya kuhamia kadi ya nje. Usiposikia kitu, kadi yako ni safi kwa kusikiliza.

Kipimo cha pili ni cha chaja, kwa wenye kompyuta za kupakata zilizounganishwa na amplifaya au mikisa. Chomoa chaja, uiache kompyuta itumie betri. Mvumo mzito ukitoweka papo hapo, kosa halimo kwenye kadi. Umeme wetu hapa Kenya huenda kwa mizunguko 50 kila sekunde, na mvumo huo ni wake: umepata njia ya kuzunguka kati ya waya wa ardhi wa chaja na waya wa ardhi wa amplifaya kupitia kebo ya sauti. Kadi mpya ya USB yaweza kuukuta mvumo ule ule na kuubeba, kwa kuwa nayo inachota ardhi yake kutoka kwenye kompyuta. Dawa yake ni kuviunganisha vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, au kutumia transfoma ndogo ya kutenganisha iliyotengenezwa kwa ajili ya kebo za sauti, au kurekodi kwa betri. Kamwe usikate waya wa ardhi wa plagi. Waya huo upo kulinda uhai, na hakuna rekodi inayostahili kuuweka uhai hatarini.

Kipimo cha tatu ni cha kurekodi. Pakua Audacity, programu ya bure. Unganisha kifaa utakachorekodi kutoka kwacho, kiwashe bila kukicheza, rekodi nusu dakika, kisha utazame kipimo. Namba zake ni desibeli, nazo ni hasi: kimya kilicho kwenye -70 ni safi kuliko kilicho kwenye -45. Kabla ya kipimo hiki, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya Windows na uzime viboreshaji vyote, hasa vile vinavyopunguza kelele na kupandisha sauti vyenyewe. Viboreshaji hivyo vimekusudiwa mazungumzo ya simu. Vikikutana na mlio wa mwisho wa uzi wa udi unaofifia, huudhania kuwa ni kelele na kuukata, na rekodi hutoka imenyolewa pembeni.

Kurekodi sauti ya mtu

Hapa ndipo kadi iliyojengwa ndani inapoonyesha udhaifu wake, nao unatokana na namna ilivyokusudiwa. Tundu la waridi la kompyuta limetengenezwa kwa maikrofoni ndogo za hedifoni, ambazo kompyuta huzipa volti chache tu. Maikrofoni ya jukwaani yenye pini tatu za XLR, kama Shure SM58 ambayo imekuwapo tangu 1966, hutoa umeme wa milivolti moja au mbili tu mtu anapoimba kwa sauti ya wastani. Ili umeme huo ufae lazima ukuzwe sana, na kikuzaji kilichomo ndani ya kompyuta kinapokuza kiasi hicho, hukuza na mchakacho wake mwenyewe. Watu hununua kebo ya kubadilisha XLR kuwa pini ya milimita 3.5, wakapata sauti ndogo yenye mchakacho mkubwa, na wakailaumu maikrofoni isiyo na hatia. Maikrofoni za kondensa za studio nazo zinahitaji volti 48 zinazopita kwenye kebo hiyo hiyo ya XLR, na hakuna tundu la kompyuta la kawaida linaloweza kuzitoa.

Kadi ya nje ya kurekodi ina vitu hivyo vyote: matundu ya XLR, kikuzaji cha maana chenye kitufe chake cha kuzungusha, swichi ya volti 48, na tundu la hedifoni lenye nguvu. Miongoni mwa zinazojulikana ni Behringer UMC22 na UMC202HD, na Focusrite Scarlett Solo na 2i2. Sizitaji kwa kuwa ndizo bora duniani. Nimezitaja kwa sababu zimeenea, mafundi wanazijua, na ni rahisi kupata maelezo yake. Anayemrekodi maalim mmoja akitoa darsa anatosheka na tundu moja la maikrofoni. Anayerekodi mwimbaji pamoja na udi, au mghani na mwuliza maswali, anahitaji matundu mawili yenye vikuzaji viwili vilivyo sawa, ili kila mmoja apate njia yake na kiasi chake kirekebishwe peke yake baadaye.

Kuna jambo la uchelewaji pia. Kadi hukusanya sampuli katika bafa, yaani ghala dogo la muda, kabla ya kuzipeleka kwa programu. Bafa ya sampuli 256 kwa kilohezi 48 ni kama milisekunde 5 na nukta 3. Nayo ikijumlishwa na ya kurudi na ya programu yenyewe, mwimbaji anayejisikiliza kupitia kompyuta huisikia sauti yake imemkawilia, akayumba. Kadi za kurekodi huja na draiva (programu za kuiendesha kadi) za ASIO, njia iliyobuniwa na Steinberg mwaka 1997 kupunguza uchelewaji kwenye Windows, na nyingi zina swichi ya kumwezesha mwimbaji kujisikia moja kwa moja bila kupita kwenye kompyuta. Swichi hiyo ndogo ni sababu tosha ya kununua kadi ya nje kwa yeyote anayerekodi uimbaji juu ya muziki uliokwisha rekodiwa.

Kadi, hata hivyo, haitibu chumba. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene za matumbawe zilizopakwa chokaa, ngumu na zenye uso sawa, na sauti hugonga na kurudi. Chagua chumba chenye magodoro, mazulia na mapazia, mkaribie msemaji kwa maikrofoni, na uepuke saa ambazo punda wanalia vichochoroni au adhana inaadhiniwa jirani. Kwa matwari ya kasida, hususa siku za Maulidi ya Mfungo Sita watu wanapofurika kwenye msikiti wa Riyadha na vijiji vya jirani, punguza ukuzaji mapema: kofi moja la twari laweza kupanda ghafla juu kuliko sauti yote ya waimbaji, na sauti ikishapita sifuri ya kipimo hukatika kichwa, na hakuna programu itakayoirudisha salama. Acha vilele vifike kati ya -12 na -6. Kadi ya biti 24 inakuruhusu kuacha nafasi hiyo bila hofu ya mchakacho, na hapa biti hizo za ziada zina faida ya kweli.

Kaseti za zamani

Nalikalia jambo hili kwa muda kwa sababu lina haraka. Katika sanduku za nyumba nyingi za Lamu kumelala kaseti za harusi, za kuaga maharusi, za mashairi ya kujibizana, za mawaidha ya masheikh waliokwisha tangulia mbele ya haki, na nyingi ya hizo hazina nakala nyingine popote. Utepe wa kaseti hauvumilii joto, unyevu na ukungu wa pwani, na mashine nzuri za kuzichezea zinazidi kuadimika. Kila kaseti huenda ikachezwa vizuri mara chache tu zilizobaki, kwa hiyo inafaa kuhamishwa mara moja na kwa njia iliyo sawa.

Habari njema ni kwamba kazi hii haihitaji kadi ya fahari. Kaseti ya kawaida isiyo na Dolby, yaani mfumo wa kupunguza mchakacho, ina nafasi ya desibeli 50 hivi kati ya sauti yake kubwa na mchakacho wa utepe. Kadi yoyote yenye desibeli 90 ni safi kuliko utepe wenyewe kwa mbali. Kinachohitajika ni mlango ulio sahihi, yaani tundu la kuingizia sauti ya mashine, ambalo katika kompyuta ya mezani ni lile la rangi ya samawati. Mwenye kompyuta ya mezani yenye tundu hilo anaweza kuihamisha kaseti kwa kadi iliyomo, na matokeo yakawa mazuri kabisa.

Shida iko kwenye kompyuta za kupakata. Nyingi zina tundu moja tu la pamoja, la hedifoni yenye maikrofoni, na upande wa kuingiza wa tundu hilo ni wa maikrofoni: unapokea njia moja badala ya mbili, na unategemea umeme mdogo sana. Mashine ya kaseti hutoa karibu theluthi ya volti, mamia ya mara zaidi ya maikrofoni ya jukwaani. Ukiiunganisha hapo, sauti hukwaruza kwa kuzidiwa, na pande mbili za stereo huwa upande mmoja. Hapa kadi ndogo ya USB yenye matundu ya mviringo mekundu na meupe ndiyo suluhisho. Behringer UCA202 ni mfano: biti 16, hadi kilohezi 48, bila kikuzaji cha maikrofoni, nayo yafaa sana kwa kaseti kwa sababu haina kisichohitajika.

Safisha kwanza kichwa cha mashine kwa pamba yenye spiriti safi. Tumia tundu la nyuma lililoandikwa LINE OUT. Ikiwa mashine ina tundu la hedifoni pekee, litumie huku sauti ikiwa katikati. Weka Audacity kwenye 44,100 na biti 16, au biti 24 ikiwa kadi inaweza. Saa moja ya stereo katika biti 16 huchukua megabaiti 635 hivi, na kaseti ya dakika 90 huchukua karibu 950. Mtu akikwambia uchukue biti 24 na kilohezi 192, saa ile ile itakula zaidi ya gigabaiti 4, na ziada yote hiyo itakuwa ni picha kubwa zaidi ya mchakacho wa utepe.

Kutambua kama kadi ndiyo inayokuzuia, fanya hivi: rekodi sekunde 20 mashine ikiwa imewashwa na utepe umesimama, kisha sekunde 20 utepe ukienda kwenye sehemu isiyo na sauti. Kiwango cha pili kikiwa juu ya cha kwanza kwa desibeli 10 au zaidi, kadi yako inatosha, kwa kuwa mchango wake katika kelele yote hauzidi nusu desibeli. Viwango hivyo viwili vikikaribiana, kadi inaongeza kelele yake juu ya utepe, na hapo ubadilishe.

Ya kupachika ndani au ya USB

Kadi ya kupachika ndani ya kompyuta ya mezani huingia kwenye nafasi fupi ya PCI Express, na kadi za zamani za PCI haziingii humo. Faida yake ni kwamba haichukui tundu la USB wala haiachi nyaya mezani, na ina matundu mengi kwa mwenye spika tano au saba za sinema ya nyumbani. Lakini bado inakaa ndani ya kasha lile lile lenye kelele za umeme, na siku utakapohamia kompyuta ya kupakata itakuwa haina kazi. Kompyuta nyembamba za ofisi zilizotumika ng'ambo, ambazo ni nyingi sokoni, zina kimo kidogo, kwa hiyo kadi yenye bati refu haitafunga. Hakikisha kadi inakuja na bati fupi.

Kadi ya USB inatoka nje ya kasha, inafuata mtu popote, na hata kompyuta ikifa yenyewe hubaki. Chagua inayofuata kanuni ya kawaida ya sauti ya USB, ili ifanye kazi bila draiva maalum hata kwenye Linux na Mac. Windows yenyewe ilianza kuitambua kanuni ya pili, ya USB Audio 2.0, katika toleo la Windows 10 la 2017, na kompyuta yenye Windows ya zamani zaidi huhitaji draiva ya mtengenezaji, ambayo ni vyema uipakue mjini kabla hujavuka maji kutoka gati la Mokowe kuja kisiwani.

Jihadhari na vijikadi vidogo vya bei ya chini vilivyoandikwa 7.1, yaani njia nane za sauti. Hesabu matundu yake: moja la hedifoni na moja la maikrofoni. Tundu moja la hedifoni ni njia mbili tu, na hiyo 7.1 ni ujanja wa programu. Kijikadi cha namna hiyo kinafaa pale tundu la kompyuta limevunjika na unataka kusikia tu, lakini tundu lake la maikrofoni huwa la njia moja, kwa hiyo hakifai kaseti.

Umeme na hewa ya chumvi

Wanaotumia umeme wa jua wakague inveta yao. Inveta za bei nafuu zisizotoa wimbi laini hutia mvumo mkali kwenye vifaa vya sauti, na kadi ya bei yoyote itaupokea. Rekodi kwa betri ya kompyuta inveta ikiwa imezimwa, kwa kuwa kadi ndogo ya USB hujipatia umeme wake kutoka kwenye kompyuta.

Chumvi ya hewani hula matundu na pini kimya kimya. Dalili yake ni sauti ya upande mmoja inayokatika ukiigusa kebo. Dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, inayopulizwa kidogo kisha pini ikachomekwa na kuchomolewa mara kadhaa, hurudisha matundu mengi yaliyodhaniwa kufa. Kadi ya nje usiiache mezani usiku. Iweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu, na uvikaushe mara kwa mara.

Ukienda kununua, Mombasa au mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, chukua kompyuta yako, hedifoni na maikrofoni utakayotumia. Omba kadi iunganishwe pale pale, washa volti 48 ikiwa maikrofoni yako inazihitaji, rekodi sauti yako kwenye kila tundu la kuingizia, na usikilize kila upande wa hedifoni peke yake. Zungusha vitufe vyote polepole, huku ukisikiliza kama vinakwaruza. Muuzaji akikataa kadi ijaribiwe, nenda duka jingine, kwa sababu kuirudisha kutoka Lamu kuna gharama ya basi na mashua juu ya siku zitakazopotea.